Viroboto-maji wamekufa hata kwenye maji matupu? Mwongozo kamili wa kupima sumu ya kemikali ya sabuni

Picha huwa ni ile ile. Glasi ishirini na nne mezani, kila moja na namba yake, na ujumbe chini: "Shikamoo. Wote wamekufa. Ina maana hii kemikali ni kali sana?" Nami huuliza swali moja tu: na wale uliowaweka kwenye maji matupu? Zinapita dakika mbili tatu, jibu linakuja: "Nao pia."

Basi hujapima kemikali. Kuna kitu kingine kimeua, na hukijui.

Nimefuga viroboto-maji, vijinyama vidogo vya majini vya jamii ya kamba, kwenye ndoo hapa Kigoma kwa miaka kadhaa sasa, nikiwasaidia walimu wa sekondari, wanafunzi wa vyuo na wafugaji wa samaki. Jaribio la namna hii huharibika kabla chupa ya kemikali haijafunguliwa. Huharibikia kwenye maji, kwenye kitambaa cha kuchujia, kwenye namna glasi zilivyooshwa. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye hayo. Hesabu ni nyepesi kuliko watu wanavyoziogopa.

Kemikali yetu ya mfano ni asidi ya salfoniki, ule uji mzito wa kahawia iliyokolea ambao watengeneza sabuni ya maji wanaununua kwa kilo. Ikishatulizwa kwa soda ashi inakuwa kiini cha povu, kile kile kilichomo kwenye sabuni nyingi za unga. Kiini hicho hushambulia utando laini wa viumbe, ndiyo maana samaki huumia kwanza kwenye matamvua. Nimeichagua kwa sababu inapatikana, na kwa sababu mtu yeyote aliyekaa asubuhi moja ufukweni anajua maji ya kufulia yanaishia wapi.

## Andaa hivi kwanza

Usianze mpaka vyote viwe mezani. Kukimbilia dukani katikati ya jaribio ndiko kunakozaa matokeo ya ajabu.

- Glasi ndogo 30 za kioo, za aina moja, zinazoingia mililita 50 au zaidi. Plastiki hunyonya kiini cha povu, na ukolezo ukashuka bila wewe kujua.
- Mizani inayosoma hadi gramu 0.01.
- Sirinji za duka la dawa bila sindano: ya mililita 1, ya 5 na ya 20. Pia silinda ya kupimia ya lita 1.
- Dropa mbili za mdomo mpana kama milimita 5. Mdomo mwembamba huwaminya wanyama.
- Kipimajoto na kipima pH. Kipima oksijeni ukiweza kuazima.
- Hamira kavu, na ndoo ya maji ya kijani yaliyokaa juani.
- Kitambaa cheupe cha pamba, kipya, kilichochemshwa mara mbili bila sabuni.
- Glavu, miwani ya kinga, koti la mikono mirefu.
- Tochi, karatasi nyeusi, maka peni, daftari.
- Asidi ya salfoniki yenye lebo inayosema ni asilimia ngapi. Mara nyingi utaona 96. Ile iliyomiminwa kwenye chupa ya soda bila lebo iache huko huko dukani.

Kuhusu kitambaa nasisitiza: kisiwe kipande cha chandarua. Vyandarua vyenye dawa vina pairethroidi, na kemikali za kundi hilo huua wanyama wa jamii ya kamba na viroboto-maji kwa kiasi kidogo ajabu, hata chini ya mikrogramu moja kwa lita. Kuchuja maji kwa chandarua kuukuu ni sawa na kuyatia sumu kabla hujaanza. Katika picha ninazotumiwa, hii ndiyo sababu ninayoigundua mara nyingi kuliko zote.

## Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

Mfano: "Ni ukolezo gani wa kiini cha povu unaowalemaza nusu ya viroboto-maji wachanga ndani ya saa 48, katika maji ya Ziwa Tanganyika?"

Sentensi hiyo imetaja mnyama, kemikali, muda, maji na kipimo. "Nataka kujua kama sabuni ni mbaya" si swali la kupimika.

Mbona viroboto-maji na si samaki? Samaki wanataka saa 96, maji mengi, na kibali cha kuwatumia wanyama wenye uti wa mgongo. Viroboto-maji ni wadogo, wanazaa haraka, na mtoto anafanana na mama yake kabisa kwa sababu majike huzaa bila dume. Utaratibu ninaoufuata ni ule wa kimataifa namba 202 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, ambao umeandikwa kwa Daphnia magna wa nchi za baridi, maji ya nyuzijoto 18 hadi 22. Sisi tunatumia ndugu yake Moina, anayestawi kwenye joto letu, na tutapima kwenye nyuzijoto 25. Andika badiliko hilo kwenye ripoti yako, usilifiche.

## Hatua ya 2: Maji

Una njia mbili: ziwa au bomba.

Ukichagua ziwa, usichote mwaloni, pale boti zinapofikia ufukweni. Panda mtumbwi asubuhi, toka nje ya eneo la kufulia na la boti za injini. Juu ya maji ya mwaloni huwa na utando wa mafuta hata usipouona, kwa hiyo zamisha dumu likiwa limefungwa, lifungue mkono ukiwa chini ya maji, lijae, lifunge kabla ya kulitoa. Mara ya kwanza utalowa mpaka kwapani. Chuja kwa kitambaa chako cha pamba ukifika nyumbani.

Maji ya bomba yanaweza kuwa na klorini. Yaweke kwenye beseni pana lililo wazi kwa siku mbili, ukiyakoroga mara kwa mara.

Sasa jambo ambalo miongozo iliyoandikwa mbali na hapa haikuambii. Maji ya Tanganyika ni ya alkali: pH yake huwa kati ya 8.6 na 9.2. Viumbe wakila na kunya, amonia huongezeka majini. Kwenye maji ya pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia moja. Kwenye pH 9 na nyuzijoto 25, inakaribia asilimia 36. Kwa hiyo kijiko cha hamira ambacho mtu wa Tabora anaweza kukivumilia kwenye ndoo ya maji ya mvua, hapa kinaweza kuimaliza ndoo nzima usiku mmoja. Mtu anaamka, anakuta wanyama wamelala chini, anasema ziwa lina sumu. Alichozidisha ni chakula.

Dalili ya kufaulu: weka viroboto-maji watano kwenye glasi ya maji hayo, bila chakula. Baada ya siku mbili wote watano wanaogelea. Maji ambayo hayajapita mtihani huu usiyatumie, hata kama yanang'aa.

## Hatua ya 3: Wanyama

Usiwatafute ziwani. Maji ya wazi ya Tanganyika yanajulikana kwa kukosa kabisa jamii hii ya viroboto-maji. Nafasi yao imeshikwa na kopepodi, jamaa zao wadogo wa majini, na uduvi wadogo. Watafute kwenye mabwawa ya samaki, hasa bwawa lililowekwa samadi na maji yake yakawa ya kijani. Pita na kitambaa, rudi na punje nyeupe au nyekundu-nyekundu zinazorukaruka kwa mishtuko. Hao ndio.

Nyumbani fanya hivi:

Chagua jike mmoja mwenye mayai mgongoni, ukimwangalia kwa tochi juu ya karatasi nyeusi. Mweke peke yake kwenye glasi. Ukoo wako wote utoke kwa huyo mmoja. Ukichanganya koo, wengine watakufa mapema na wengine watachelewa kwa sababu za kuzaliwa nazo, na matokeo yatatawanyika.

Wape maji ya kijani kidogo kila siku. Hamira iwe ya akiba tu: punje chache zilizokorogwa kwenye maji mpaka yawe kama ya kunawia unga, kisha matone machache kwa lita. Maji ya ndoo yakibaki meupe siku ya pili, umezidisha.

Kama unatumia maji ya ziwa, wazoeshe polepole. Robo ya maji ya ziwa siku ya kwanza, nusu siku ya tatu, yote baada ya wiki. Kisha subiri wiki mbili nyingine. Kwenye nyuzijoto 26 hivi Moina hukomaa kwa siku 4 hadi 5, kwa hiyo wiki mbili ni vizazi kadhaa, na watakaopimwa watakuwa wamezaliwa ndani ya maji yale.

Onyo: ukiona majike wenye kitu cheusi kama tandiko mgongoni, simama. Hayo ni mayai ya kustahimili shida. Mnyama huyatengeneza anapobanwa na njaa, msongamano au maji mabaya. Ukoo ulio katika hali hiyo haufai kupimwa mpaka utulie.

Dalili ya kufaulu: kila siku unaona watoto wapya, na huokoti maiti zaidi ya mmoja wawili kwa lita.

## Hatua ya 4: Osha glasi, na usitumie sabuni

Hapa niliwahi kujifedhehesha mwenyewe. Nilipima kiini cha povu kwenye glasi nilizozisugua kwa sabuni ya unga usiku uliotangulia, nikazisuuza mara moja kwa haraka kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Asubuhi ya pili maji matupu yalikuwa na maiti wengi kuliko ukolezo wa chini. Nilikuwa nimeweka kemikali kila mahali, pamoja na pale ambapo haikutakiwa.

Sugua kwa maji ya moto na brashi safi ambayo haijagusa sabuni. Loweka kwenye siki iliyozimuliwa kwa nusu saa. Suuza mara sita, mara ya mwisho kwa maji yale yale ya jaribio. Ziache zikauke zimefunikwa juu chini kwenye kitambaa chako.

Mikono nayo. Usiguse ndani ya glasi kama umejipaka losheni au dawa ya mbu.

## Hatua ya 5: Myeyusho mama

Valia glavu, miwani na koti. Asidi ya salfoniki huunguza ngozi na inaweza kupofusha. Ikikudondokea, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, na ikiwa ni jicho nenda hospitali ukiwa tayari umesuuza. Wanafunzi wa sekondari wasiishike. Hatua hii ni ya mwalimu.

Lengo ni kupata gramu 1 ya kemikali halisi kwa lita. Ikiwa lebo inasema asilimia 96, pima gramu 1.04, maana 1 gawanya kwa 0.96 ni 1.04.

1. Weka mililita 800 za maji yaliyotoneshwa kwenye chombo cha kioo. Madukani hapa huuzwa kama maji ya betri. Soma lebo mara mbili: pembeni yake rafu moja hukaa asidi ya betri, chupa zikifanana.
2. Pima asidi kwenye kipande cha kioo, kisha kiingize chote ndani ya maji. Asidi iende kwenye maji. Usimimine maji juu ya asidi.
3. Koroga taratibu kwa fimbo ya kioo. Usitikise. Kiini cha povu hukimbilia kwenye povu, na kilichobaki chini hakitakuwa tena gramu 1 kwa lita.
4. Tia soda ashi kidogo kidogo, chembe kwa chembe, huku ukipima, mpaka pH ifike kati ya 7 na 8.
5. Ongeza maji mpaka lita 1 kamili. Andika tarehe na saa.

Sababu ya namba 4: usipotuliza asidi, hutajua kilichoua ni uchachu au ni kiini chenyewe. Kwenye maji ya ziwa kosa hili linaweza kufichika, kwa kuwa yana alkali ya kutosha kumeza asidi ndogo. Kwenye maji ya mvua halifichiki, pH itaporomoka.

Tumia myeyusho huu siku hiyo hiyo. Bakteria hukila kiini hiki, kwa hiyo ulichotengeneza Jumatatu si kile utakachokuta Ijumaa.

Dalili ya kufaulu: myeyusho ni angavu au una ukungu mwepesi, hauna mabonge chini, na povu juu ni jembamba kuliko kidole.

## Hatua ya 6: Jaribio la kupapasa

Kabla ya kupanga glasi zote, papasa kwanza ujue uko wapi. Tengeneza maji matupu, kisha miligramu 0.1, 1, 10 na 100 kwa lita. Wanyama watano kila glasi, bila chakula. Soma baada ya saa 24 na 48.

Hesabu: mililita 1 ya myeyusho mama ndani ya lita 1 hukupa miligramu 1 kwa lita. Kwa 100, ni mililita 100 ndani ya lita 1. Kwa 0.1, usijaribu kupima mililita 0.1 kwa sirinji ya duka la dawa. Chukua mililita 100 za ile ya miligramu 1, uzimue mpaka lita 1.

Unatafuta pengo kati ya ukolezo ambao hakuna aliyeguswa na ule ambao wote wamelala. Kwa kiini hiki na jamii ya viroboto-maji, tegemea pengo kati ya 1 na 10. Matokeo ya maabara nyingi huangukia kwenye miligramu chache kwa lita. Wakilala wote mpaka kwenye 0.1, rudi Hatua ya 2 na ya 4. Hiyo si kemikali.

## Hatua ya 7: Jaribio lenyewe

### Watoto

Jioni, hamisha majike 50 wenye mayai kwenye chombo cha maji safi yenye kijani kidogo. Asubuhi watoe wote kwa dropa. Waliobaki ni watoto wasiofika saa 24. Umri ni muhimu kwa sababu mchanga ni dhaifu kuliko mkubwa, na ukichanganya umri umechanganya nguvu. Unahitaji watoto 120, na wa akiba.

### Ukolezo

Ngazi kati ya ukolezo mmoja na unaofuata isizidi mara 2.2. Kwa pengo la 1 hadi 10, mimi hutumia mfululizo huu, kila mmoja kwenye mililita 500 za maji ya jaribio:

- miligramu 1.0 kwa lita: mililita 0.5 za myeyusho mama
- 1.8: mililita 0.9
- 3.2: mililita 1.6
- 5.6: mililita 2.8
- 10: mililita 5.0

Na maji matupu, bila kitu. Jumla makundi sita, kila kundi glasi nne, kila glasi mililita 30 na watoto watano. Ndizo glasi 24 na watoto 120. Maji yanayobaki kwenye kila mililita 500 ni ya kupimia pH na oksijeni mwanzoni.

### Kuwaweka

Vuta watoto watano kwa dropa, shusha mdomo wake *chini* ya uso wa maji, waachie polepole. Ukiwadondosha kutoka juu, hewa huingia chini ya gamba lao na wanaelea kama maboya. Anayeelea hawezi kuogelea, utamhesabu kalemaa na yu mzima. Usiwapeleke na maji mengi, tone moja mawili basi, la sivyo umezimua glasi.

Anza na maji matupu, maliza na 10. Ukienda kinyume, dropa itabeba kemikali kuipeleka kwenye maji matupu.

Kisha changanya nafasi za glasi. Andika namba 1 hadi 24 kwenye vikaratasi, piga kura, panga kadiri kura ilivyosema. Upande wa dirisha una joto zaidi, na usipochanganya, glasi za kundi moja zote zitaangukia upande huo. Funguo ya namba, yaani namba ipi ni ukolezo upi, mpe mwenzio aitunze. Atakayesoma asijue anachosoma.

### Chumba

Nyuzijoto 25, ikipanda au kushuka isizidi moja. Chini ya bati tupu saa nane mchana joto hupanda kupita hapo, kwa hiyo tafuta chumba chenye dari au cha udongo, au weka glasi kwenye trei yenye maji ambayo hupoza na kuchelewesha mabadiliko. Funika kwa karatasi. Usilishe. Usipulize hewa, utatengeneza povu.

Na kwa saa 48 zote, ndani ya nyumba pasipulizwe dawa ya mbu wala pasichomwe ile ya kuwasha. Waambie wenye nyumba mapema. Nimeshaona jaribio zuri la mwanafunzi likifa saa mbili usiku, mama mwenye nyumba alipopita na kopo lake kwa nia njema kabisa.

## Hatua ya 8: Kusoma

Saa ya 24 na saa ya 48, bila kuchelewa. Zungusha glasi taratibu, ihesabie sekunde 15, tochi kwa pembeni, karatasi nyeusi nyuma.

Asiyeogelea ndani ya sekunde hizo 15 amelemaa, hata kama anatikisa pembe zake. Hapa ndipo huruma inapoharibu takwimu: watu humwona akitikisika kidogo wakamwandika mzima. Kanuni ni kuogelea.

Andika idadi ya waliolemaa, na pia yale ambayo hayana namba: wanaozunguka duara, walioshikwa na utando wa juu, waliobadilika rangi. Mwisho wa saa 48 pima pH na oksijeni kwenye glasi ya maji matupu na ya ukolezo wa juu.

## Hatua ya 9: Kubali au tupa

Kabla ya kufungua funguo ya namba kwa ajili ya makundi mengine, angalia maji matupu.

- Waliolemaa kwenye maji matupu wasizidi asilimia 10, yaani wawili kati ya 20.
- Oksijeni mwishoni isiwe chini ya miligramu 3 kwa lita.
- pH isiwe imeyumba zaidi ya 1.5.

Wakiwa watatu kati ya 20, jaribio limekufa. Najua siku tatu zimepotea. Usitoe wale watatu kwenye hesabu, usiseme "walikuwa dhaifu", usipunguze asilimia hiyo kwenye makundi mengine. Rudi nyuma hatua kwa hatua: maji, kitambaa, glasi, ukoo.

Kila mwezi mimi hupima ukoo wangu kwa chumvi ya mezani ya aina ile ile, naandika ukolezo unaolemaza nusu. Namba hiyo ikiruka ghafla kutoka ilivyozoea, wanyama wamebadilika na sifanyi jaribio lolote mpaka nijue kwa nini. Maabara kubwa hutumia potasiamu dikromati, ambayo kwa Daphnia magna hutoa kati ya miligramu 0.6 na 2.1 kwa lita kwa saa 24. Wewe usiiguse. Husababisha saratani, na chumvi inatosha kwa kazi yetu.

## Hatua ya 10: Namba ya nusu

Tunatafuta EC50, ukolezo unaolemaza nusu ya wanyama. Tuseme, kwa namba za kujifunzia tu, kwenye 3.2 wamelemaa 5 kati ya 20 (asilimia 25) na kwenye 5.6 wamelemaa 14 (asilimia 70). Nusu ipo katikati ya hapo.

Tunapima kwa logi kwa kuwa ngazi zetu ni za kuzidisha, si za kujumlisha. Logi ya 3.2 ni 0.505, ya 5.6 ni 0.748, tofauti 0.243. Kutoka 25 kwenda 50 ni hatua 25 kati ya 45 zilizopo, yaani 0.556. Zidisha 0.243 kwa 0.556 upate 0.135. Jumlisha na 0.505: 0.640. Kinyume cha logi cha 0.640 ni 4.4 kwa kukadiria. Kwa hiyo EC50 ya saa 48 ni miligramu 4.4 kwa lita. Wenye kompyuta watumie probiti, njia ya takwimu ya kukadiria nusu hiyo, itawapa na mipaka ya uhakika, lakini fanya kwa mkono kwanza ujue kompyuta inafanya nini.

Kwenye mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali, EC50 ya hadi 1 ni kundi la kwanza la hatari kwa majini, zaidi ya 1 hadi 10 la pili, zaidi ya 10 hadi 100 la tatu. Kwa hiyo 4.4 ingeangukia la pili.

### Usiseme zaidi ya ulichopima

4.4 si "kiwango salama". Ni kiwango ambacho nusu yao wamelemaa kwa siku mbili. Wathamini wa Ulaya, wakiwa na matokeo ya muda mfupi ya mwani, krasteshia (jamii ya kamba na viroboto-maji) na samaki, huchukua dogo kuliko yote na kuligawa kwa 1000 kabla ya kuliita salama. Wewe una krasteshia peke yake.

Pia ulichoandika ni ukolezo uliokusudia. Sehemu ya kiini imeshika kioo, sehemu imeliwa na bakteria, sehemu imeungana na kalsiamu ya maji ikakaa chini. Andika "ukolezo wa kukusudia" kwenye jedwali lako.

Na Moina si dagaa wala migebuka. Usichukue namba hii kwenda nayo kwa mtengeneza sabuni wa mtaa wa pili ukimwambia anaua ziwa. Kama una mashaka na maji yanayotoka kiwandani, njia ni chombo cha serikali kinachosimamia mazingira nchini na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, wenye mamlaka ya kuchukua sampuli na vifaa vya kupima kilichomo kweli.

## Hatua ya 11: Kusafisha

Hakuna kinachorudi ziwani. Si maji ya jaribio, si wanyama. Moina hawakuwemo kwenye maji yale ya wazi na si kazi yetu kuwapeleka.

Maji ya glasi yakusanye kwenye ndoo moja, uyamwage kwenye shimo la udongo mbali na kisima, mtaro na ufuko. Bakteria wa udongo watakimaliza kiini. Myeyusho mama uliobaki uzimue kwanza mara mia. Asidi ya chupani irudi kwenye kabati lenye kufuli, lebo ikitazama mbele. Glasi zioshwe jioni hiyo hiyo kama Hatua ya 4, maana kiini kikikauka kwenye kioo kinang'ang'ania.

Halafu wape chakula wale wa kwenye ndoo, kidogo tu. Majike 50 uliowatoa asubuhi ya jaribio warudishe kwenye ndoo yao, na kama maji yamepungua ongeza yale yaliyopita mtihani wa siku mbili. Ukiwaacha na njaa wiki hii, wiki ijayo utakuta matandiko meusi migongoni.